Wodi ya Wazazi ya Angani

Ukimuuliza Germana leo, atakwambia hakumdanganya mtu. Alinyamaza tu. Na kweli alinyamaza, Jumatano sita mfululizo, tena akanyamaza vizuri, mpaka ile Jumamosi ya utambulisho Yotham alipofungua mdomo sebuleni kwa Shangazi Emiliana, kule Mkonze, Dodoma, akamwaga kila kitu mbele ya soda na biskuti.

Tuanze na huyo Yotham. Kijana mrefu, mpole, Msandawe wa Kwa Mtoro, aliyesomea kuchora ramani za nyumba akaishia kuchora katuni. Studio iliyomwajiri ilikuwa Area C, vyumba viwili na feni moja mbovu. Mwenye studio, Castory, alikuwa amepata kazi ya kutengeneza filamu ya watoto kuhusu hospitali inayosafiri angani. Si ndege ya wagonjwa, hapana. Chombo cha anga kabisa, kinachopita nyota hadi nyota kikiokota wagonjwa, jina lake Mlezi. Yotham ndiye alitakiwa kukibuni chumba kwa chumba, na Castory alimpa sharti moja tu: nesi wa kweli akikiona asicheke.

Sasa Yotham hajawahi kulazwa hata siku moja maishani mwake. Alichora vitanda ishirini, taa za bluu na roboti mmoja mwenye macho makubwa, akampelekea Germana dukani. Germana alikuwa anauza dawa Majengo, karibu na soko, na walikuwa na mwaka mmoja na miezi minne ya kupendana. Aliuangalia mchoro, akacheka mpaka mteja wa dawa ya kikohozi akasogea nyuma.

"Choo kiko wapi?"

"Choo?"

"Wagonjwa ishirini, Yotham. Wanajisaidia wapi, dirishani?"

Yotham alijikuna kisogo. Na hapo, kabla hata hajamaliza kucheka, Germana alipata lile wazo lililokuja kumtokea puani.

Niwaeleze kwanza, maana bila hili hamtaelewa. Kwao Germana ni Wagogo wa Chamwino, na ukoo wao unashika mila. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawali sahani moja, hawapeani mikono, hawataniani. Wakikutana njiani kila mmoja anampisha mwenzake na kugeuza uso. Wala si chuki, ni heshima, tena kubwa. Dada yake Ruthu ameolewa miaka tisa, na Germana hajawahi kumsikia mama yao akimwambia shemeji hata sentensi moja nzima. Kikihitajika kijiko, mama anamwambia Ruthu, Ruthu anamwambia mumewe, ilhali wote wako ua mmoja.

Germana hakuwa na shida na hilo kwa shemeji. Kwa Yotham lilimuuma. Mama yake, Bi Restuta, mkunga mstaafu wa miaka thelathini na moja wodi ya wazazi, ndiye mtu aliyempenda kuliko wote duniani kabla Yotham hajatokea. Na Yotham alifiwa na mama yake akiwa darasa la pili, akalelewa na babu. Kila Germana alipofikiria kwamba watu wake hawa wawili watapeana migongo hadi uzeeni bila kujuana, usingizi ulimpaa.

"Kuna mkunga mmoja mstaafu Chamwino," alimwambia Yotham siku ile. "Anaitwa Bi Restuta. Mkali kidogo, ila wodi anaijua. Mwambie umetumwa na watu wa duka la dawa."

Hakusema ni mama yake. Yotham alijua tu kwamba baba wa Germana alishafariki, mama yuko kijijini, na mambo yote ya posa yangepitia kwa Shangazi Emiliana, ambako Germana anaishi. Kijiji gani, hakuuliza. Wanaume bwana.

Jumatano ya kwanza, jioni, Yotham alirudi dukani amenywea.

"Vipi, amekutukana?" Germana aliuliza.

"Hajanitukana. Kaniuliza damu ikimwagika huko angani inakwenda wapi. Nikamwambia inaelea. Akasema, 'Kwa hiyo mhudumu atadeki hewa?'"

"Ukajibu nini?"

"Nitakifanya chombo kizunguke. Kikizunguka kwa kasi vitu vinapata uzito, vinakaa sakafuni. Kasema nirudi Jumatano ijayo. Halafu akaniambia kola ya shati langu imechanika, nikashone."

Saa mbili usiku simu ya mama ikaita.

"Germana mwanangu, leo nimepata kituko. Kuna fundi kaja na makaratasi, anajenga hospitali mbinguni. Maskini, hakuweka jiko la ndugu wa wagonjwa! Nikamuuliza, mgonjwa akitaka uji, utapikwa na nani, na nyota?"

"Jamani, mama!"

"Lakini anasikiliza. Vijana wa siku hizi hawasikilizi, huyu anaandika kila kitu."

Jina lake hakumuuliza. Alimwita Fundi na likabaki hilohilo. Na Germana, kitandani, alicheka kwenye mto peke yake. Alijisikia mwizi, tena mwizi mwenye furaha.

Jumatano zikafuatana. Mlezi ikapata vyoo, jiko la ndugu, kamba za kuanikia khanga, na dirisha dogo la kuulizia habari za mgonjwa, ambalo Bi Restuta alisisitiza liwe na nesi aliyenuna. Jumatano ya tatu aliuliza kondo la nyuma litazikwa wapi, maana angani hakuna ardhi, na mtoto ambaye kondo lake halikuzikwa atajuaje kwao ni wapi? Yotham alijikuna kisogo, akaliandika swali. Wiki iliyofuata akaja na pipa kubwa la udongo mwekundu, kalichora nyuma ya wodi ya wazazi, ubavuni limeandikwa CHAMWINO. Bi Restuta aliangalia ile karatasi, akaingia ndani, akatoka na ugali wa uwele na mlenda. Wakala sahani moja.

"Tangu mama afariki," Yotham alimwambia Germana usiku ule kwenye simu, "hakuna mtu aliyewahi kunigombeza mpaka nikasikia raha."

Germana alitaka kusema hapohapo. Akajiambia Jumatano ijayo, na ijayo tena. Mara barua ya posa ikapelekwa, mara shangazi akapanga tarehe, na yeye bado anajiambia kesho. Alijipa moyo kwamba mama analijua jina la mchumba tu, na siku ya utambulisho hukaa chumba cha ndani, haonekani. Wakishaondoka wageni atamweleza kila mmoja kwa wakati wake.

Jumamosi ikafika. Yotham alivaa suti ya kuazima, Castory akawa mshenga. Shangazi Emiliana, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnada, aliwapokea kwa heshima zote, ingawa asubuhi yake alishamwambia Germana kwamba yeye binafsi hajapenda mkwe mchora katuni, tena mjukuu wa babu wa Kisandawe ambaye jina lake lina milio miwili ya kugonga ulimi katikati.

"Karibuni sana. Tunamsubiri mama yake tu, yuko njiani."

Bahati mbaya huwa haina haraka. Geti la uani lilikuwa limefungwa, na mwenye funguo kaenda dukani. Bi Restuta akapitia mlango wa mbele, khanga mpya, kikapu mkononi, kichwa kimeinama kwa adabu ili avuke sebule upesi. Yotham akaruka kutoka kwenye kochi.

"Nesi! Shikamoo! Na wewe umealikwa?"

Akampa mikono yote miwili. Bi Restuta, kwa mazoea, akaipokea.

"Marahaba, Fundi! Unafanya nini hapa, na suti hiyo?"

"Nimekuja kujitambulisha ukweni!" Akawageukia watu, uso unang'aa. "Castory, ndiye huyu! Ndiye mama aliyenilaza kwenye mkeka, akanifunga khanga, akaniambia nisukume!"

Hakuna aliyecheka. Shangazi Emiliana aliweka soda mezani polepole. Bi Restuta alimtazama Germana, akamtazama Yotham, akaangalia mikono yake iliyokuwa bado imeshikwa, akaichomoa kana kwamba imeshika sufuria la moto. Akavuta khanga hadi puani, akakimbilia chumbani.

"Wifi yangu alikulaza kwenye mkeka?" shangazi aliuliza.

"Shangazi, ilikuwa ni kwa ajili ya chumba cha kujifungulia," Yotham alisema, sauti inampungua. "Nilikuwa nachora. Nilikuwa najifanya mzazi."

"Na mmekula pamoja?"

"Mlenda," alisema Yotham, kwa kuwa hajui uongo.

Utambulisho uliishia hapo. Castory alijaribu maneno matamu ya mshenga, shangazi akamwambia amalizie soda yake.

Germana alimkuta Yotham nyuma ya nyumba, amesimama karibu na simtanki, koti la kuazima begani.

"Ulijua," Yotham alisema.

"Nilijua."

"Wiki sita, Germana. Wiki sita unaniuliza 'vipi yule mama', na unajua. Nimejigaragaza mbele ya mama mkwe wangu kama mtoto. Ulitaka watu wanicheke?"

"Sikutaka wakucheke. Nilitaka akujue."

"Si angenijua leo!"

"Leo asingekujua!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Leo angejua jina lako, basi. Kuanzia leo angekuwa anakupa mgongo. Asingejua kwamba unasikiliza, wala asingejua kwamba ukiulizwa swali gumu unajikuna kisogo. Na wewe usingemjua yeye. Nilitaka mjuane kwanza kama watu. Nimekosa, lakini nilitaka hivyo."

Yotham alilishusha koti begani. Alitaka kukasirika kidogo zaidi, lakini hakuwa hodari wa hilo.

"Ungeniuliza," alisema mwishowe. "Ungeniambia, nikachagua mwenyewe. Umenipa mama, Germana, halafu siku hiyohiyo umemchukua."

Akavaa koti lake akaondoka. Na yale aliyosema yalikuwa kweli tupu.

Chumbani, Bi Restuta alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ametazama ukuta.

"Mama, nisamehe."

"Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningemfungia mlango."

"Ndiyo maana sikukwambia."

"Nyamaza." Alipumua. "Nimezalisha watoto sijui elfu ngapi. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniuliza kazi yangu nilikuwa naifanyaje. Wewe mwenyewe hujawahi kuniuliza. Huyu Fundi kaniuliza kila kitu, mpaka viatu nilivyovaa zamu ya usiku. Jumatano nilikuwa nafagia uwanja mara mbili." Akapangusa uso kwa ncha ya khanga. "Shangazi yako anataka posa irudishwe leo hii. Mimi nimesema tungoje."

"Tungoje nini?"

"Tumngoje yeye achague. Chumba cha kujifungulia hakijaisha, na nimesikia bosi wake anakitaka Ijumaa. Jumatano akija pale nyumbani akakaa kwenye kigoda chake kama kawaida, nitamkaribisha, tutamaliza kazi, na atakuwa rafiki yangu mpaka nife. Lakini hatakuoa. Siwezi kumlisha mkwe sahani moja nikawatazama watu wa ukoo usoni. Na akikutaka wewe, basi mimi na yeye yameisha. Labda siku mtakaponiletea mjukuu, na hapo pia ni salamu za mbali tu. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno."

Germana alimwandikia ujumbe mrefu, hakupunguza neno. Tiki zikageuka bluu, jibu halikuja. Jumapili kimya, Jumatatu kimya. Jumanne alimpigia Castory, akaambiwa Yotham yuko mezani kwake anachora na hataki kusemeshwa. Germana akajua ameshashindwa. Mtu aliyekaa miaka ishirini bila mama, akampata, utamwambia amwache kwa ajili ya msichana aliyemficha? Hata yeye mwenyewe angejishauri aende Chamwino.

Jumatano aliomba ruhusa kazini, akaenda. Hakutaka kuhadithiwa. Akamkuta mama yake hajatulia: kafagia, kafagia tena, katoa vigoda viwili chini ya paa la mbele, karudisha kimoja ndani, kakitoa. Hawakusemeshana sana. Saa tatu na nusu mama akachukua jembe, akasema anakwenda kuangalia zabibu.

"Mama, si ndiyo muda wake?"

"Zabibu hazina muda," alijibu, akatoka.

Shamba lenyewe lilikuwa ng'ambo tu ya uzio wa minyaa, na njia ya kwenda barabarani ilikatiza sambamba na uzio katikati ya mistari ya mizabibu, nyembamba, ya mtu mmoja. Germana alibaki uani na karanga za kumenya. Saa nne akasikia bodaboda ikisimama. Akasimama. Yotham alikuwa anashuka, shati jeupe, bomba la michoro kwapani, na akaishika njia ile kuja nyumbani bila kusita, kama alivyokuja Jumatano zote.

Basi, alisema Germana moyoni. Kamchagua mama. Karanga zikamwagika, hakuziokota.

Kutoka upande wa nyumbani mama naye alikuwa anakuja, jembe begani, kachoka kusubiri huko alikojificha. Walikuwa kwenye njia ileile, wanaelekeana, hatua thelathini, kisha ishirini. Germana aliwaona wote wawili. Alimwona mama anainua kichwa, anamtambua, na uso wake wote, uso wa mwanamke wa miaka sitini na minne, unafunguka kwa furaha. Midomo ikaanza kulitengeneza lile neno, Fundi.

Yotham alisimama. Alimtazama mara moja, vizuri, kama mtu anayesoma kitu ambacho hatapewa tena. Kisha akatoka njiani. Akaingia kati ya mizabibu, akageuka, akampa mgongo, akainamisha kichwa, bomba la michoro kalikumbatia kifuani.

Bi Restuta alibaki pale pale. Upepo ulikuwa unavuma, ule wa Dodoma wenye vumbi, na mama hakusogea, jembe begani, anautazama ule mgongo mrefu. Kama angemwita Fundi, posa ingekwisha hapo.

Hakumwita. Aliteremsha jembe taratibu, akaivua khanga mabegani, akajifunika kichwa na uso wote. Akageuka upande wa pili. Akaanza kupita, hatua fupi fupi, wamepeana migongo, nafasi iliyobaki kati yao haifiki mkono mmoja.

Alipomvuka kidogo akasimama, akapaza sauti kuelekea uani.

"Germana!"

"Abee, mama!"

"Mwambie mumeo!" Aliishika khanga isipeperuke. "Mwambie mumeo kwenye chumba cha kujifungulia aweke stuli fupi. Mkunga hasimami saa zote, miguu inauma. Anakaa chini, anasubiri."

Germana alikuwa hatua arobaini kutoka kwao. Yotham alikuwa nyuma ya mama hatua mbili, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hata hivyo Germana alikimbia mpaka kwenye uzio, akajifuta uso kwa kiganja, akapaza sauti kama inavyotakiwa.

"Yotham! Mama anasema uweke stuli fupi!"

"Mwambie mama nimesikia," alisema Yotham, bado kageukia zabibu. "Mwambie nitaweka mbili, na shikamoo."

"Mama, anasema ataweka mbili! Anasema shikamoo!"

"Mwambie marahaba," Bi Restuta alisema ndani ya khanga, na akaendelea kutembea, analia na kucheka kwa pamoja, bila kugeuka nyuma.